Baba Yasmini

Mwajiri wangu, mzee mwenye ghala la nafaka karibu na bandari ya Tanga, alikuwa mtu wa maneno machache, na siku aliyosafiri na mkewe kwenda Muscat kutibiwa jicho aliyapunguza zaidi. Alinipigia simu akiwa tayari safarini, akasema kwamba dereva wake angeniletea paka, kwamba nimtunze kwa miezi mitatu, na kwamba nisimtoe nje hata mara moja kwa sababu ni paka wa thamani. "Ni mweupe," aliongeza, "rangi ya maziwa yaliyochemka. Jina lake Yasmini." Kisha simu ikakatika, nami nikabaki na wadhifa mpya juu ya ukarani wangu.

Wakati huo, mwaka 2013, nilikuwa nimepanga chumba kimoja Ngamiani, katika mojawapo ya barabara zetu zinazoitwa kwa namba, kwenye nyumba ya Kiswahili yenye vyumba vitatu kila upande wa korido, uani kukiwa na jiko, kisima na choo, na mbele kukiwa na baraza ambako habari zote za mtaa hupimwa kwanza kabla ya kusambazwa. Kuta za vyumba zilipanda mpaka usawa wa boriti zikaishia hapo. Juu yake hapakuwa na dari, ila uwazi na bati, hata mtu akipiga chafya chumba cha kwanza, wa chumba cha sita alimwombea afya. Mama mwenye nyumba alikuwa na masharti mawili tu: kodi ilipwe ya miezi sita kwa mkupuo, na paka asikanyage, kwa kuwa uani alifuga njiwa ambao aliwapenda kuliko wapangaji. Sikumlaumu, maana njiwa hawakuwahi kuchelewesha kitu.

Lipo na jambo la pili ambalo sina budi kulitaja mapema. Nilikuwa nimeshapeleka barua ya posa Pangani na nilikuwa nasubiri majibu. Kwetu sisi majibu ya posa hayaji hivihivi, kwani wazee wa binti humtuma kwanza mtu mzima, aghalabu shangazi, apite kimyakimya mtaani kwa mposaji, akae barazani kama mtu aliyechoka njiani, na aulize anachotaka kuulizia baada ya kuzungumzia bei ya nazi.

Dereva alimleta Yasmini usiku, ndani ya tenga lililofunikwa kanga, nyuma ya pikapu ileile ambayo mchana ilikuwa imebeba magunia ya mkaa. Nililipokea tenga kama mwizi, nikaliingiza chumbani, nikamwekea maji na kulala. Asubuhi nilipomtazama kwenye mwanga wa dirisha, nilishika kichwa.

Kiwiliwili kilikuwa kama alivyosema mzee, cheupe chenye umanjano wa mbali, chembamba na kirefu, na manyoya mafupi yaliyolala kama yamepigwa pasi. Lakini uso! Kuanzia puani mpaka juu ya macho ulikuwa wa kahawia iliyokolea hadi kukaribia weusi, mfano wa mtoto aliyeingiza kichwa ndani ya sufuria ya kuni akikwangua ukoko. Masikio, ambayo yalikuwa makubwa kupita mahitaji ya kichwa chenyewe, yalikuwa na weusi uleule. Miguu yote minne ilikuwa imevishwa soksi za masizi, na mkia ulikuwa mweusi kuanzia shina mpaka ncha, na ncha yenyewe imepinda kama ndoana ya kuvulia changu. Juu ya uchafu wote huo yalikaa macho mawili ya buluu safi, ambayo badala ya kunitazama mimi yalitazamana yenyewe kwa yenyewe. Yasmini alikuwa na makengeza. Akiangalia sahani ya dagaa ilinibidi nikisie jicho lipi liko kazini.

Hitimisho langu lilikuwa la haraka: dereva amempakiza kwenye vumbi la mkaa, akamjaza masizi, kisha akambana mkia na mlango wa gari. Kuhusu makengeza, niliona ni bora nisilihusishe na dereva mpaka nipate ushahidi.

Leo najua kwamba Yasmini alikuwa paka wa Siam, yaani wa nchi ambayo tangu mwaka 1939 tumeizoea kwa jina la Thailand, na kwamba kila nilichokiona kuwa ni ajali ndicho kilichowafanya watu wamlipie fedha. Mkia uliopinda na macho ya makengeza vilikuwa sifa za kawaida za paka hao zamani, kabla wafugaji hawajaanza kuviondoa, na kuhusu mkia ipo ngano kwamba binti mfalme alipokwenda kuoga alimvisha paka pete zake mkiani, naye paka akaukunja mkia ili zisidondoke. Mwaka 1878 balozi mdogo wa Marekani mjini Bangkok aliona paka wa namna hiyo anafaa kuwa zawadi kwa mke wa Rais Rutherford Hayes, akampakia melini. Nilipoyasoma hayo nilijisikia vibaya, kwa sababu mimi zawadi iliyofaa kwa mke wa rais nilikuwa nimeiweka chini ya kitanda, kati ya ndoo na viatu vya mpira.

Lakini wakati huo sikujua, na nililojua zaidi ni sauti yake.

Paka wetu wa Tanga hulia "nyau", ukamsikia, ukampa au ukamfukuza, yakaisha. Paka wa Siam halii, anahutubia. Usiku wa pili, kiasi cha saa nane, Yasmini alisimama katikati ya chumba, akainua shingo, akatoa sauti ambayo ilianza chini, kama ya mtu anayeugulia tumbo, ikapanda polepole, ikakwaruza, ikavunjika juu kabisa katika kilio cha mtoto mchanga aliyeachishwa ziwa ghafla. Haikuwa sauti inayofanana na ya mtoto. Ilikuwa ya mtoto, pamoja na kwikwi. Nilimbeba, nikamtembeza chumbani huku na huko, nikampigapiga mgongoni na kumwambia, "Nyamaza, nyamaza, mama atakuja." Alinyamaza nilipotembea na kuanza upya nilipokaa. Tukafanya hivyo mpaka adhana ya alfajiri.

Mama muuza chapati wa chumba cha pili alinikuta kisimani asubuhi hiyo. Alinitazama kwa huruma ambayo sikuizoea kutoka kwake, maana nilikuwa na deni lake la chapati sita.

"Pole na usiku, baba," aliniambia kwa sauti ya chini. "Huyo uliyemficha chumbani, mama yake yuko wapi?"

Nikajua siri ya paka imevuja, ila nikashukuru kwamba anaizungumza kwa heshima, kwa mafumbo, ili mwenye nyumba asisikie.

"Mama yake yuko Muscat," nilimjibu. "Atarudi baada ya miezi mitatu. Nakuomba sana, mama, mwenye nyumba asijue."

"Muscat! Amemwacha mchanga hivyo?"

"Si mchanga. Ana miezi minane, lakini ni mwepesi, jana amepanda juu ya kabati."

"Anakula nini?"

"Maziwa kidogo, na dagaa. Jana nimempa kichwa cha changu, amekimaliza na miba yake."

"Miezi minane! Kwani ana meno?"

"Meno?" nilisema, nikamwonyesha mkono wangu. "Haya ni ya usiku wa leo tu."

Alijiziba mdomo kwa upindo wa kanga na kuondoka bila kuteka maji. Jioni nilikuta bakuli la uji wa mtama mlangoni, uliochujwa vizuri na kutiwa sukari kidogo. Niliunywa mwenyewe, nikasema kweli watu wa nyumba hii wamebadilika.

Wiki iliyofuata hali ilizidi. Yasmini alilia kila usiku, na mchana pia nilipokuwa kazini, kwa sababu paka wa namna hii hawavumilii upweke. Humfuata mtu wake chumbani hatua kwa hatua kama mbwa, humpanda begani, na humjibu neno kwa neno akisemeshwa. Mimi nilikuwa namsemesha. Mtu anayeishi peke yake asinicheke. Nilimsimulia habari za ghalani, naye alijibu kwa sauti ya kulalamika ambayo ilinifanya nihisi kwamba naye ana deni la chapati. Isitoshe, kama alivyonieleza baadaye bwana mifugo, paka wa Siam hupevuka mapema kuliko wengine, na vile vilio vya usiku vilikuwa vya jike aliye kwenye joto akitangaza nia yake. Tangazo lilifika. Mapaka shume ya Ngamiani nzima yalianza kukutana juu ya bati letu kila baada ya isha, yakipigana na kuanguka, huku chini sauti ya kichanga ikiendelea kulia, na asubuhi watu wa korido walinipisha njia kwa namna ambayo niliidhani ni adabu.

Kila Alhamisi mke wa mwajiri alipiga simu, na hakutaka kuzungumza na mimi. Alitaka kuzungumza na Yasmini. Nilikuwa naweka simu kwenye kipaza sauti na kumwambia paka, "Haya, sema na mama, mama anakuona wewe tu," na sauti ya mwanamke ikajaa chumbani mpaka juu ya bati, ikisema, "Mwanangu, baba anakuogesha?" Nami nilijibu, "Namwogesha, mama, usiwe na wasiwasi."

Nilikuwa nasema uongo, na uongo huo ndio ulionipeleka kwenye beseni. Nilimwonea aibu yule mama. Mwanawe alikuwa amekabidhiwa kwangu mweupe, na wiki mbili baadaye uso bado ulikuwa wa masizi, tena nilipolowesha kitambaa na kuyafuta hayakuhama. Jumamosi nikaamua kuyamaliza. Nilinunua kipande cha sabuni ya mche na dodoki jipya, nikachota maji ya kisima, nikajifungia chumbani, nikavua shati.

Sikujua kwamba saa hiyohiyo shangazi mmoja kutoka Pangani alikuwa amekaa barazani kwa mama mwenye nyumba, wameshamaliza bei ya nazi, na ameuliza kama huyu kijana wa chumba cha nne ana mke. Jibu alilopewa nimelisikia baadaye kwa watu watatu tofauti na wote wamelitaja vilevile. Mama mwenye nyumba alisema: "Mke sijamwona. Mtoto namsikia."

Kumwosha paka wa Siam usoni kwa dodoki ni shughuli ya watu watatu, nami nilikuwa peke yangu. Nilimbana katikati ya magoti, mkono wa kushoto nimeshika ngozi ya shingo, wa kulia nasugua. Povu lilipanda vizuri mpaka masikioni. Maji ya beseni, hili nililitazama kwa makini, yalibaki safi kabisa. Nikasugua zaidi. Yasmini akafungua kinywa chote, hata nikaona koo lake jekundu na ulimi uliopinda kama jani, akatoa kilio kirefu kuliko vyote nilivyowahi kumsikia, na mimi, kwa hasira na maumivu ya kucha zilizoingia pajani, nikapaza sauti bila kukumbuka kwamba chumba hakina dari:

"Tulia, Yasmini! Fumba macho! Leo nitakusugua mpaka weusi wote utoke, mama yako akija akukute mweupe!"

Barazani, naambiwa, palikuwa kimya kwa muda wa pumzi moja. Kisha shangazi wa Pangani akasimama na kusema, "Anamchubua! Anamtia mkorogo mtoto wa miezi minane!"

Komeo la mlango wangu lilikuwa la msumari mmoja. Waliingia wote kwa pamoja, yaani mama mwenye nyumba, shangazi, mama muuza chapati akiwa na unga mikononi, na mjumbe wa nyumba kumi ambaye alikuwa amepita tu kuulizia mchango wa mtaro. Walichokiona ni mwanamume asiye na shati, amechuchumaa, damu inamchirizika mguuni, na katikati ya magoti yake ni donge la povu lenye macho mawili ya buluu, kila moja likiangalia upande wake.

Hakuna aliyesema neno. Yasmini ndiye aliyekuwa wa kwanza kupata fahamu. Alichomoka, akapita kati ya miguu ya mjumbe, akaona mwanga wa uani, akaona pia njiwa, ambao nadhani hakuwahi kuwaona maishani mwake. Njiwa wote wakaruka kwa mlipuko mmoja. Mama mwenye nyumba alipiga yowe, mapaka shume yakaamka juu ya bati, na Yasmini, aliyekuwa shujaa kwa sekunde mbili, akaogopa, akageuka, akarudi mbio koridoni kutafuta bega la kupanda. Bega lililokuwa karibu lilikuwa la shangazi wa Pangani.

Alipanda kwa buibui, hatua tatu, akajizungusha shingoni mwake akiwa ameloa chapachapa, akaingiza pua kwenye sikio lake, na akaanza kumweleza. Alimweleza kila kitu. Nimeshahudhuria mashauri ya ghala mahakamani, lakini sijapata kusikia ushahidi uliotolewa kwa kirefu na kwa uchungu namna ile, ukipanda na kushuka, huku mshtakiwa nimesimama na dodoki mkononi. Shangazi alikuwa amekufa ganzi. Povu lilimtiririka mpaka kwenye mkoba.

"Ni paka," mjumbe alisema hatimaye, kama anayetangaza matokeo.

"Afadhali angekuwa mtoto," alijibu mama mwenye nyumba. "Mtoto hali njiwa."

Ukweli hakuna njiwa aliyeliwa. Wawili hawakurudi mpaka siku ya tatu, nami nililipia siku zao za kutokuwepo, sijui kwa hesabu gani. Kuhusu masizi, nilipata jibu Jumatatu nilipompeleka Yasmini kwa bwana mifugo kwa sababu ya sabuni iliyomwingia machoni. Alinisikiliza, akatoka nje kidogo kucheka, akarudi na kunieleza. Paka hawa huzaliwa weupe karibu mwili mzima, kwa kuwa kimeng'enya kinachotengeneza rangi ya manyoya yao kina kasoro ya kurithi na hakifanyi kazi panapokuwa na joto. Tumboni mwa mama kuna joto kila mahali, kwa hiyo rangi haitokei. Akishazaliwa, sehemu zinazopoa kuliko nyingine, yaani masikio, uso, miguu na mkia, huanza kukolea, na kiwiliwili chenye joto hubaki cheupe. Kasoro hiyohiyo ndiyo inayoyafanya macho yawe ya buluu, na ndiyo inayoivuruga mishipa ya macho yaangaliane. "Kwa hiyo ile si masizi," alisema. "Ni baridi." Nilitazama nje ya dirisha la ofisi yake. Ilikuwa Februari, kaskazi imekolea, na kunguru walikuwa wametweta midomo wazi juu ya mwembe.

Mama mwenye nyumba alikubali Yasmini amalizie muda wake kwa sharti kwamba mlango uwekwe komeo la kweli. Majibu kutoka Pangani yalikuja baada ya siku tisa: posa imekubaliwa, na chini kabisa, kwa mwandiko tofauti, palikuwa na swali kama Yasmini atahamia nasi. Mtaani jina langu lilipotea moja kwa moja. Hata mjumbe, ambaye alikuwa amemwona paka kwa macho yake, aliandika kwenye daftari la mchango wa mtaro "Baba Yasmini, chumba cha nne", na nilipolipa nilitia saini palepale.

Mzee na mkewe walirudi Aprili, masika yakianza. Nilimpeleka Yasmini nyumbani kwao Raskazone ndani ya tenga lilelile. Mzee, ambaye sasa alikuwa na jicho jipya na hamu ya kulitumia, alimweka juu ya meza chini ya taa, akamgeuza mgongo, ubavu, tumbo, akamgeuza tena.

"Amepauka," alisema.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilimweleza habari ya kimeng'enya, kwamba kwake Raskazone kuna kiyoyozi usiku kucha, kwamba chumba changu cha bati kisicho na dari ni tanuri tangu saa nne asubuhi, na kwamba paka wa Siam anayeishi penye joto manyoya yake mapya huota yakiwa meupe zaidi. Nilieleza vizuri, hata mimi nikajistaajabia. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Nimesikia kwamba ulimwosha," alisema.

"Ni kweli, mzee."

"Kwa sabuni ya mche."

"Kwa sabuni ya mche, mzee."

Akamwinua Yasmini kwa mikono miwili, akamnusa shingoni, kisha akanisogezea nimnuse na mimi. Zilikuwa zimepita wiki nane. Nilinusa kwa adabu, nikasema sisikii kitu, naye Yasmini akafungua kinywa na kuanza kumweleza.